Vidole Vilivyoachia Kamba: Kisa cha Maya Gabeira, Nazaré, 2013

Asubuhi ya Oktoba 28, 2013, Maya Gabeira, Mbrazili anayeteleza juu ya mawimbi makubwa kwa ubao, alikuwa akielea kifudifudi kwenye povu la Praia do Norte, ufuko wa mji wa Nazaré nchini Ureno. Hakuwa na fahamu. Alikuwa na umri wa miaka 26. Dakika chache nyuma alikuwa amesimama juu ya ubao, akishuka wimbi lenye kimo cha jengo la ghorofa sita au saba. Sasa alikuwa karibu kabisa na mchanga, na hapo karibu na mchanga ndipo roho yake ilipokuwa inamtoka.

Carlos Burle, Mbrazili mwenzake aliyemvuta kwa jetiski, yaani pikipiki ya majini, mpaka kwenye wimbi lile, aliiacha jetiski ijiendee, akajitosa, akamkamata na kumburuta hadi nchi kavu. Pale mchangani wakamshindilia kifua na kumpulizia pumzi. Akarudi.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaokisimulia kama kisa cha mwanamke jasiri aliyeanguka na kuinuka tena, na wapo wanaokisimulia kama kisa cha mtu aliyejitakia makubwa. Kila upande una ukweli wake, lakini pande zote mbili hukimbilia kumtazama Maya alivyokuwa juu ya wimbi. Mimi nataka tutazame kilichotokea baada ya wimbi kupita, kwa sababu ukizifuata dakika zile moja baada ya nyingine utaona kwamba kuanguka peke yake hakukumfikisha pale. Kilichomfikisha pale ni jinsi uokoaji wenyewe ulivyokuwa umepangwa. Tuanze na maji, maana bila kuyaelewa maji ya Nazaré huwezi kumhukumu mtu yeyote katika kisa hiki kwa haki.

Mbele ya mji huo, chini ya bahari, kuna korongo. Linaanzia karibu mno na pwani, umbali usiofika kilometa moja, kisha linakwenda magharibi kwa zaidi ya kilometa 200, na huko mwisho kina chake kinakaribia mita 5,000. Wimbi la bahari kuu huwa na mizizi mirefu kuliko linavyoonekana kwa juu. Chukua mawimbi yanayofuatana kila baada ya sekunde 18, ya aina inayoletwa na dhoruba kubwa ya mbali. Kutoka kilele hadi kilele kuna takribani mita 500, na wimbi la namna hiyo huanza kuihisi sakafu pale kina kinaposhuka hadi kama nusu ya urefu huo, yaani mita 250. Kaskazini mwa korongo sakafu iko juu, kwa hiyo wimbi huanza kukanyaga chini na kupunguza mwendo likiwa bado mbali na pwani. Ndani ya korongo linaendelea kukimbia kana kwamba bado liko katikati ya Atlantiki.

Matokeo yake ni kwamba wimbi moja linavunjika mwendo. Bega moja limetangulia, jingine limebaki nyuma. Lililotangulia hupinda kutoka korongoni na kuja kwa mshazari, na mbele ya Praia do Norte hukutana na lile lililochelewa. Vilele viwili vikipandana, kimo cha kimoja huongezwa juu ya cha kingine. Tena kuna mkondo wa maji yanayorudi baharini kutoka ufukweni, nao huzidi kulisimamisha wimbi. Ndiyo maana siku ambayo pwani nyingine za Ureno zina mawimbi makubwa ya kawaida, hapa huwa kuna milima.

Kwa anayeyapanda mawimbi haya, jambo hilo lina matokeo mawili ambayo picha hazionyeshi. La kwanza, kilele hakitulii mahali pamoja. Kwenye mwamba kama wa Teahupo'o kule Tahiti, au Mavericks kule Kalifornia, wimbi huvunjika karibu palepale kila mara, na pembeni kuna mlango wa maji ya kina ambako mashua zinaweza kusubiri. Praia do Norte ni ufuko wa mchanga, kilele huhama, na hakuna mlango wa kutegemewa. Ukianguka, huna upande wa kukimbilia ambao una hakika kwamba wimbi linalofuata halitaufikia. La pili, uso wa wimbi si laini. Mawimbi yanayokutana kwa mshazari, upepo, na maji yanayorudi kutoka pwani huacha vilima na vijimatuta juu ya mteremko wenyewe. Kumbuka vijimatuta hivi, tutavirudia.

Siku ile mawimbi yaliletwa na dhoruba iliyopiga kusini mwa Uingereza usiku wa kuamkia Oktoba 28, kisha ikaendelea Uholanzi, Ujerumani na Denmark. Waingereza waliiita St Jude. Nazaré ilikuwa tayari imeingia kwenye ramani ya dunia kwa miaka miwili. Novemba 1, 2011, Garrett McNamara wa Hawaii aliteleza hapo wimbi lililopimwa futi 78, sawa na mita 23.8, likawa rekodi ya dunia. Tangu hapo kila aliyeishi kwa mawimbi makubwa alikuwa akizisoma ramani za hali ya hewa na kuuwazia mji ule mdogo.

Maya hakuwa mgeni wa kazi hii. Alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1987, akahamia Hawaii akiwa bado kijana mdogo kufuata mawimbi. Mpaka mwaka huo wa 2013 alikuwa ameshinda mara tano tuzo ya mwanamke bora wa mwaka katika mawimbi makubwa, na mwaka 2009 alikuwa ameteleza wimbi la karibu mita 14 kule Dungeons, Afrika Kusini, kubwa kuliko lililowahi kutelezwa na mwanamke hadi siku hiyo. Burle, aliyekuwa na miaka 45, alikuwa miongoni mwa wakongwe wakubwa wa mchezo huu kutoka Brazili. Walikuwa na wenzao, Pedro Scooby na Felipe Cesarano. Tusikubali basi ile picha ya msichana asiyejua afanyalo. Lakini tusikubali pia kwamba uzoefu ulitosha. Mwaka 2011, kule Teahupo'o, Maya alikuwa amepigwa na mawimbi kiasi cha kukaribia kufa maji. Bahari ilikuwa imekwisha kumpa onyo moja, na onyo lenyewe lilihusu jambo hilihili: mtu akiwa chini, nani anamfikia, na kwa njia gani?

Sasa wimbi.

Mawimbi ya kimo hiki hukimbia kuliko mikono inavyoweza kupiga kasia. Kwa hiyo mtelezaji huvutwa kwa kamba nyuma ya jetiski hadi apate kasi ya wimbi, kisha huachia kamba na kushuka. Ubao wa kazi hii ni mfupi na mzito, na una mikanda inayoshika miguu ili mtelezaji asirushwe nje. Mikanda hiyo ni msaada mkubwa, lakini ina gharama: mguu hauwezi kukwepa. Ubao ukigonga, mfupa ndio unaobeba kishindo.

Burle alimvuta Maya kwenye wimbi ambalo kwa makadirio lilifika mita 20 au zaidi. Halikupimwa rasmi kwa sababu hakulimaliza. Aliachia kamba, akaanza kushuka. Nimeitazama video ya mteremko ule mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara kinachonishika ni jinsi anavyoonekana imara mwanzoni. Magoti yamekunjwa, uzito uko chini, anakwenda mstari ulionyooka. Kisha ubao unakutana na kijimatuta cha kwanza. Unaruka, unatua. Kinakuja kingine. Unaruka tena, na safari hii juu zaidi. Katika mapigo hayo, mfupa mwembamba wa muundi wa mguu wa kulia ulivunjika karibu na kifundo. Yaani aliumia kabla hajaanguka. Mguu ambao ulipaswa kumwongoza chini ya wimbi ulikuwa umekwisha kazi, na mlima mzima bado ulikuwa nyuma yake.

Akaanguka. Wimbi likamfunika.

Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kidogo tani moja. Wimbi la kimo kile likivunjika hubwaga maelfu ya tani, na aliye chini yake hageuzwi mara moja tu. Anavutwa, anakunjwa, anazungushwa mpaka hajui juu ni wapi. Waswahili wamesema mfa maji haachi kutapatapa, na wamesema kweli, maana mwili haujui njia nyingine. Mafunzo karibu yote ya watu hawa ni kuufundisha mwili kufanya kinyume cha methali hiyo. Hukunja viungo, hulinda kichwa, huhesabu, hungoja wimbi liachie. Msukumo wa kutaka kuvuta pumzi huletwa hasa na gesi ya kaboni dayoksaidi inayojikusanya mwilini, na huja kabla oksijeni haijaisha, kwa hiyo anayeweza kuuvumilia ana akiba ambayo mtu wa kawaida hajui kama anayo. Lakini akiba hiyo huliwa na kila msuli unaofanya kazi. Mtu anayekaa dakika nne chini ya maji ametulia bwawani huenda asifike hata moja huku moyo ukimwenda mbio na mwili ukipigwa.

Na Maya hakufunikwa na wimbi moja tu. Mawimbi yanayofuatana kila sekunde 15 au 20 hayampi mtu muda wa kukusanya pumzi. Alipoibuka, jaketi okozi alilokuwa amelivaa lilikuwa limeng'olewa mwilini na maji. Hapa ndipo naona hatua ya kwanza ya hatari halisi. Hadi wakati huo alikuwa mtu aliyeanguka vibaya, jambo ambalo mchezo huu unalitarajia. Tangu hapo alikuwa mtu asiye na boya, mwenye mguu uliovunjika, ndani ya povu.

Povu nalo lina ubaya wake. Ni maji yaliyochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo haubebi mwili kama maji matupu. Unapiga mikono, hupandi. Unafungua mdomo kutafuta hewa, unavuta nusu hewa nusu bahari. Povu huinyima pia jetiski nguvu. Chombo hiki kinakwenda kwa kufyonza maji chini ya tumbo lake na kuyatema nyuma. Kikifyonza povu, kinatema hewa, na dereva anakanyaga moto bila kusogea. Burle alikuwa akiendesha ndani ya hali hiyo. Alimwona Maya, alimkaribia, akalazimika kukimbia wimbi lililokuwa linakuja, akazunguka na kurudi. Atakayesema alichelewa aiangalie tena video.

Kwa kawaida uokoaji wa namna hii hufanyika hivi: nyuma ya jetiski kuna godoro gumu lenye mishikio. Dereva anapita karibu, aliyeanguka ananyoosha mkono, anashika mshikio, anajitupa kifua juu ya godoro, wanaondoka. Sekunde tano, kumi. Ni mpango mzuri na umewaokoa wengi. Lakini mpango huo umejengwa juu ya sharti moja ambalo halisemwi: kwamba anayeokolewa ana nguvu za kujiokoa. Maya hakuwa nazo tena. Hakuweza kupanda. Kilichobaki ni ile kamba ya kuvuta. Aliishika, na Burle akaanza kumburuta kuelekea ufukweni.

Kama ningeombwa kuonyesha sekunde moja inayokieleza kisa chote, ningeonyesha hiyo. Mtu aliyekwisha kunyimwa hewa mara kadhaa, aliye njiani kupoteza fahamu, anaambiwa na hali yenyewe: ukishikilia utaishi. Vidole hushika kwa nguvu ya misuli, na misuli hulishwa na oksijeni ileile inayomwishia. Uokoaji mzima ulikuwa unaning'inia kwenye kiungo ambacho lazima kingeshindwa. Kikashindwa. Fahamu zikamtoka, vidole vikaachia, na Burle alipogeuka mtu aliyekuwa nyuma yake alikuwa kifudifudi.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa kitu pekee kilichobaki, nacho kilikuwa kikubwa. Aliiacha jetiski. Fikiria maana ya uamuzi huo katika maji yale: akikosea, watakuwa watu wawili wasio na chombo. Alikuwa ameendesha, ametafuta, amevuta, na sasa anaogelea. Kazi za watu watatu zilimwangukia mtu mmoja ndani ya dakika zilezile, naye akazimaliza zote. Bila yeye Maya asingekuwepo, na yeyote anayekichambua kisa hiki lazima aanzie kwenye shukrani hiyo kabla ya kutoa lawama yoyote. Ukaribu wa mchanga nao ulisaidia. Ile kamba iliyoachiwa ilikuwa imekwisha kumsogeza mpaka pale ambapo mwogeleaji mmoja angeweza kumtoa. Ingekuwa mita mia mbili nje zaidi, sidhani kama kuna la kusimulia.

Pale mchangani pia mambo yalikwenda kama yanavyopaswa kwenda. Kwa aliyezama, tatizo la kwanza ni kukosa oksijeni, na moyo husimama kwa sababu hiyo. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya ya ufufuaji inataka aliyezama apewe kwanza pumzi tano, kisha kifua kishindiliwe. Kila dakika inayopita kabla ya pumzi hizo huchukua kitu kwenye ubongo kisichorudishwa. Maya alirudishiwa pumzi pale pale ufukweni, akapelekwa hospitali ya Leiria. Uhai ukabaki, akili ikabaki. Kwamba si kila mtu hupata bahati hiyo katika maji yale tulikuja kukumbushwa Januari 5, 2023, Márcio Freire, Mbrazili mwenye miaka 47, alipoanguka Nazaré. Alifikishwa mchangani na juhudi za kumfufua zikafanywa, lakini hakuamka.

Tuje kwenye mzozo, kwa kuwa nao ni sehemu ya kisa.

Laird Hamilton wa Hawaii, mmoja wa walioanzisha mtindo huu wa kuvutwa kwenye mawimbi katika miaka ya 1990, alisema kwenye televisheni kwamba Maya hakuwa na ujuzi wa kuwa kwenye hali ile. Maneno ya mtu wa uzito wake yalienea haraka kuliko maelezo ya kitabibu. Kwa siku nyingi mjadala ukawa mmoja tu: alistahili kuwepo au hakustahili?

Naliona swali hilo kuwa na kasoro tangu mzizi wake. Wimbi lenye vijimatuta vile lingeweza kumvunja mguu mtelezaji yeyote aliyefungwa miguu kwenye ubao. Tena hata tukikubali kwamba mtu mwenye ujuzi zaidi angesoma mteremko ule vizuri na kuchagua mstari mwingine, ujuzi hupunguza idadi ya kuanguka, hauifuti. Aliye bora kuliko wote ataanguka Nazaré siku moja, na siku hiyo hataulizwa tuzo zake. Atahitaji jaketi lisilong'oka, jicho la juu linaloona alipoibuka, jetiski ya pili inayoingia pale ya kwanza inaposhindwa, na mtu mwenye mafunzo anayesubiri mchangani. Hayo ndiyo maswali ambayo wazee wa mchezo walipaswa kuyauliza kwa sauti wiki ile. Badala yake watu walibishana kuhusu mwanamke na mahali pake, na wavulana waliokuwa wanajiandaa kwenda Nazaré msimu uliofuata wakabaki na somo la hovyo: kwamba kilichomkuta Maya hakiwezi kuwakuta wao.

Upande wa pili, wanaomtetea Maya nao wasimwondolee wajibu. Mtelezaji ndiye anayekubali kupanda nyuma ya jetiski. Ni haki yake na ni kazi yake kuuliza kabla: nikishindwa kupanda godoro, tutafanya nini? Onyo la Teahupo'o lilikuwa limemkuta yeye, si mwingine. Nasema hivi kwa heshima, nikijua ni rahisi kuuliza swali hilo ukiwa umekaa kwenye kiti.

Kuna jambo moja zaidi la siku ile ambalo linanisumbua mpaka leo. Baada ya Maya kupelekwa hospitalini, Burle alirudi majini. Akavutwa kwenye wimbi kubwa mno, ambalo baadhi ya watu walilikadiria futi 100, na picha zake zikazunguka dunia pamoja na habari za uokoaji. Halikuingia kwenye vitabu vya rekodi. Wapo waliomwona kuwa hana moyo. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyetoka kumtoa mwenzake mautini ana hofu na nguvu zilizochanganyika mwilini, na wengine hawajui pengine pa kuzipeleka isipokuwa kazini. Lakini uamuzi ule unatuambia kitu kuhusu mchezo wenyewe wakati huo. Katika kazi nyingine za hatari, ajali iliyomfikisha mtu kwenye hali ile husimamisha shughuli: vifaa hukaguliwa, watu huhesabiwa, kinachokosekana hutajwa kabla mwingine hajaingia. Hapa dhoruba ilikuwa ya siku moja, na siku haikusubiri. Hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema tusimame. Na pasipo mtu huyo, aliyechoka ndiye huwa hakimu wa uchovu wake mwenyewe.

Haikuwa kwamba maarifa hayakuwepo. Mwaka 2010 Shane Dorian wa Hawaii alibanwa chini na mawimbi mawili mfululizo kule Mavericks, akatoka na wazo la vazi linalojazwa na chupa ndogo ya gesi: ukivuta mpini mara moja, linafura na kukupandisha juu. Machi 2011 Sion Milosky alikufa maji kulekule Mavericks, na wenzake, Danilo Couto na Kohl Christensen wakiwa mbele, wakaanzisha mafunzo ya tathmini ya hatari na uokoaji kwa watelezaji wa mawimbi makubwa. Angalia tofauti iliyopo kati ya vazi lile na kamba. Vazi linadai tendo moja, wakati bado una fahamu, kisha linaendelea kufanya kazi hata ukizipoteza. Kamba inadai uendelee kuwa mzima. Kifaa cha uokoaji kinapaswa kupimwa hivyo: kinafanyaje kazi pale ambapo anayeokolewa hawezi tena kufanya lolote? Kwa kipimo hicho, mpango wa siku ile haukuwa na jibu, isipokuwa Burle mwenyewe kurukia majini.

Mguu ulipona mapema. Mgongo haukupona. Uti wa mgongo wa Maya ulikuwa umeumia, na miaka iliyofuata ilikuwa ya maumivu, upasuaji mara tatu, na hofu ambayo ameieleza waziwazi bila kuipamba. Wadhamini waliondoka. Wengi waliamini kazi yake imekwisha, na naamini kama angeacha hapo hakuna ambaye angekuwa na haki ya kumsema.

Alichofanya ni kuhamia Nazaré. Hilo ni jibu la kitaalamu kuliko linavyoonekana. Anayekuja kwa ndege siku mbili kabla ya dhoruba analiona wimbi. Anayekaa pale msimu baada ya msimu anaona siku ndogo, siku mbovu, mahali povu linapokwenda, mahali mkondo unapotupa vitu. Anajenga timu badala ya kuazima. Katika miaka hiyohiyo utaratibu wa Nazaré wenyewe ulibadilika: watu wenye redio wakasimama kwenye ngome ya São Miguel Arcanjo, kwenye jabali lililo juu ya ufuko, wakiwaambia madereva yupi yuko wapi na wimbi lipi linakuja, jetiski ya uokoaji ikawa inaifuata ile ya kuvuta, mavazi yanayoelea yakavaliwa chini ya majaketi ya gesi, moja juu ya jingine, ili moja likitoka lingine libaki.

Januari 18, 2018, maji yale yale, aliteleza wimbi la mita 20.72, futi 68. Kulitambua kama rekodi ya wanawake kukawa kazi nyingine, maana kundi hilo la rekodi halikuwepo. Maya alilazimika kuanzisha maombi ya saini mtandaoni, maelfu wakatia saini, na cheti cha Guinness kikatoka mwaka huohuo. Kisha Februari 11, 2020, akivutwa na Mjerumani Sebastian Steudtner katika mashindano ya palepale Nazaré, akapanda wimbi la mita 22.4, futi 73.5. Lilikuwa rekodi mpya ya wanawake, na lilipimwa kuwa kubwa kuliko wimbi lolote lililotelezwa na mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, msimu ule.

Siku hiyohiyo, kwenye mashindano hayohayo, Mreno Alex Botelho alimaliza wimbi lake salama. Hugo Vau akaja na jetiski, akamchukua kama inavyotakiwa, na walipokuwa wanatoka mawimbi mawili yaligongana chini yao. Jetiski ikarushwa juu na watu wake wote wawili. Botelho akaanguka na kubaki akielea bila fahamu ndani ya povu. Hakuwa na kamba mkononi na asingeweza kushika chochote. Jetiski za uokoaji zilijaribu kumfikia zikashindwa na maji, zikajaribu tena, dakika zikapita, mpaka mawimbi yakamsogeza na waliokuwa wakisubiri ukingoni wakaingia na kumtoa. Wahudumu wa dharura walikuwa mchangani tayari na vifaa vyao. Wakamfanyia pale pale kile alichofanyiwa Maya miaka sita nyuma, na Botelho akapumua.